Huku hakuna anayeniuliza mbona sikuonekana

Shikamooni wazazi wangu, na vijana wenzangu hamjambo. Leo sikuwasha kamera kuwaonyesha mji. Kuna jambo limenikaa kifuani tangu baridi ianze, nikaona niwaambie ninyi kwanza.

Mwezi uliopita gari la wagonjwa lilisimama mbele ya jengo ninaloishi. Wahudumu wakamtoa mzee wa mlango wa pili, amelala kwenye machela. Mmoja akaniuliza, "Anaitwa nani?" Sikujua. Ndugu zangu, tumetenganishwa na ukuta mmoja kwa miaka 3, nasikia kikohozi chake usiku, na jina lake silijui! Nilirudi ndani nikakaa kitandani hata koti sijavua.

Mimi nimelelewa na watu wanaouliza. Nikikosa ibada Jumapili moja, jua halijazama mtu keshapiga hodi: kulikoni, unaumwa? Ujanani niliyachukia maswali yale. Nilipofika hapa Uingereza nikapumua. Usali, usisali, hakuna wa kukuuliza, nami nikauita huo uhuru. Jumapili ya kwanza nilikosa kanisa kwa sababu ya zamu kazini. Ya pili, uchovu. Ya tatu sikutafuta hata sababu. Hakuna aliyekaa nami akanishawishi kwamba Mungu hayupo. Imani ilipungua kidogo kidogo, kama maji kwenye mtungi wenye ufa, na hapakuwa na mtu wa kuniambia, "Mbona hukuonekana?"

Si mimi peke yangu. Sensa ya mwaka 2021 ya England na Wales ilikuta waliojitaja kuwa Wakristo ni asilimia 46.2, wakati miaka 10 kabla walikuwa asilimia 59.3. Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba mwaka 2018 serikali ya hapa ilimpa waziri jukumu la kushughulikia upweke wa wananchi. Japani nayo ikafanya hivyo mwaka 2021. Sibezi, afadhali wameliona tatizo. Ila nilipolisoma hilo nilimkumbuka Kaini, alipoulizwa ndugu yake yuko wapi. Aliulizwa yeye mwenyewe.

Najua wapo watakaoniandikia kwamba maadili ya zamani yalificha mengi. Ni kweli. Wapo wanawake walioambiwa wavumilie kipigo ili kulinda heshima ya nyumba, na watoto walionyamazishwa kwa kuwa aliyewaumiza ni mkubwa. Hayo siyatamani hata kidogo, na nisingependa mtu ayatetee kwa maneno yangu. Ninachokitamani ni kuhesabiwa. Ukikosekana, pengo lako lionekane, na mtu ainuke aje.

Ninyi huko nyumbani, shangazi akikupigia simu mara ya pili kwa siku, pokea. Nawaomba. Mimi nilikuwa naiacha iite.

Mzee alirudi baada ya siku 9. Nikapiga hodi, nikamwuliza jina lake kwa aibu, akanitajia, akanikaribisha. Tangu hapo kila Jumamosi nampitia. Yeye hana dini na sijamhubiria. Namsomea barua zake kwa kuwa macho yamefifia, halafu tunakaa tu dirishani, mara nyingine nusu saa nzima bila neno. Nikitoka pale naweza kusali, jambo ambalo lilikuwa limenishinda kwa muda mrefu.

Jumamosi iliyopita nilibanwa na kazi, sikwenda. Jumapili asubuhi nafunga kamba za viatu niende kanisani, maana nimerudi, nikasikia mlango unagongwa. Kufungua, ni yeye, kajishikilia ukutani, anahema.

"Jana hukuja," akasema. "Unaumwa?"