Pumzi hukatika usiku, mishipa huumia: mazoezi yanasaidia nini?

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie apnea ya usingizi, yaani ugonjwa wa pumzi kukatika mara kwa mara mtu akiwa amelala, na najua wengi mnangoja nianze na kukoroma. Hilo sitaligusa, anayelala chumba kimoja nanyi analijua kuliko mimi. Nataka tutazame mishipa ya damu, maana huko madhara hutokea kimyakimya.

Mchukueni mtu aliyelala chali. Misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inaziba. Kifua kinahangaika lakini hewa haipiti: sekunde 10, 20, pengine zaidi. Oksijeni katika damu inashuka. Ubongo unamshtua, anavuta pumzi kwa kishindo, oksijeni inapanda ghafla, presha inaruka, moyo unakwenda mbio. Asubuhi hakumbuki chochote. Madaktari huhesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au kupungua sana: 5 hadi 14 ni ugonjwa mdogo, 15 hadi 29 ni wa wastani, 30 kwenda juu ni mkali. Mwenye 30 akilala saa 7, pigeni hesabu wenyewe.

Sasa twende ndani ya ateri. Ukuta wake umetandikwa utando wenye unene wa seli moja tu, na msiudharau. Ndio unaotengeneza oksidi ya nitriki, gesi inayoufanya msuli wa mshipa ulegee ili damu ipite kwa nafasi. Kazi ya kuitambua gesi hiyo iliwapatia wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad tuzo ya Nobel mwaka 1998. Oksijeni inaposhuka na kupanda usiku kucha, mwili huzalisha kemikali kali zinazoiharibu gesi hiyo kabla haijafanya kazi yake. Mishipa inabaki imekaza. Presha ambayo kwa kawaida hushuka mtu akilala, kwa wengi wa wagonjwa hawa haishuki.

Kuna kipimo kinachoonyesha jambo hili waziwazi. Mkanda wa presha unafungwa chini ya kiwiko, unajazwa upepo mpaka damu isipite, unaachwa dakika 5, kisha unafunguliwa. Damu inaingia kwa kasi, huku altrasaundi ikiitazama ateri iliyo juu ya kiwiko. Utando ukiwa mzima, ateri inatanuka. Kwa mwenye apnea kali, mara nyingi inatanuka kidogo tu. Lakini angalieni kilichoitanua. Hakuna dawa iliyotiwa. Ni damu yenyewe, kwa kupita kwa kasi na kuusugua ukuta, ndiyo iliyouamsha utando utoe gesi yake.

Mazoezi hufanya jambo hilohilo. Ukitembea kwa haraka, damu inakwenda mbio mwilini kote, na utando unaosuguliwa hivyo mara kwa mara hujifunza kutoa gesi zaidi.

Najua swali linalokuja: mbona mimi sipungui uzito? Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliwafuatilia watu wazima 43 kwa wiki 12. Waliofanya mazoezi walifikia dakika 150 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kujenga misuli. Idadi ya mara pumzi zao zilivyokatika au kupungua ikashuka kutoka takriban 32 kwa saa hadi 25, na uzito wao haukubadilika kwa kiasi cha maana. Wamepona? Hapana, 25 bado ni ugonjwa. Ila mizani si shahidi pekee wa faida ya mazoezi. Sababu moja inayotajwa ni maji: ukikaa kitini kutwa, maji hukusanyika miguuni, na ukilala hupanda hadi shingoni na kuibana njia ya hewa. Misuli ya miguu ikifanya kazi mchana, maji hayo hupungua.

Je, mashine ya kusukuma hewa puani, ile ambayo wagonjwa huvaa wakilala, ina haja gani basi? Ina haja kubwa. Ndiyo inayoizuia koo isizibe. Utafiti mkubwa wa mwaka 2016, wenye wagonjwa zaidi ya 2,700 waliokwisha kuwa na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, haukuona mashine ikipunguza kiharusi na mshtuko wa moyo. Lakini waliivaa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku! Kwangu mimi hiyo si sababu ya kuitupa mashine. Ni sababu ya kuivaa usiku mzima na kuongeza mwendo mchana.

Mtaniambia mnaamka mmechoka. Ni kweli, uchovu huo si uvivu. Anza na dakika 10, mara kadhaa kwa siku, mwendo wa kuweza kuzungumza lakini si kuimba. Mwenye maumivu ya kifua, au presha iliyo juu sana, amwone daktari kwanza.

Na yule ndugu wa nyuma aliyeuliza kama akizoea mazoezi anaweza kuiacha mashine: usiamue kwa kuwa unajisikia vizuri. Rudi upimwe usingizi tena, uone namba.