Lord Salisbury: Nyumba ya Hatfield na Mkataba wa Zanzibar

Ndugu zangu, asanteni kwa kuitikia mwaliko.

Aliyesoma historia ya Zanzibar amekutana na jina la Lord Salisbury. Ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, na wakati huohuo Waziri wa Mambo ya Nje, pale Waingereza na Wajerumani walipotia saini mkataba wao tarehe 1 Julai 1890. Katika masomo yetu bwana huyu hupita kama sahihi tu. Leo nataka tuingie nyumbani kwake, kwani naamini namna alivyotawala aliianza kujifunza huko.

Jina lake Robert Gascoyne-Cecil. Alizaliwa mwaka 1830 Hatfield, kaskazini ya London, katika jumba lililojengwa na babu yao wa zamani, waziri wa Mfalme James, likakamilika mwaka 1611. Familia ilimiliki ekari zipatazo 20,000, na mama yake alikuja na urithi mwingine mkubwa kutoka kwao. Lakini msidhani utoto wake ulikuwa wa raha. Alipokuwa na miaka mitano, bawa moja la jumba liliungua na bibi yake, mzaa baba, akafia humo motoni. Mama naye alifariki mwaka 1839. Akapelekwa bweni Eton, wenzake wakampiga na kumtesa kiasi cha kumwandikia baba barua za kusikitisha, mpaka akaondolewa shuleni akiwa na miaka 15. Hata likizoni, akiwa London, alipita vichochoro ili asikutane na mwanafunzi yeyote wa Eton.

Tena hakuwa mrithi. Sisi tunajua mirathi ina mafungu, kila mwenye haki hupewa chake. Kwa makabaila wa Kiingereza, ardhi na cheo vilikwenda vyote kwa mtoto wa kiume wa kwanza, wadogo wakajitafutia. Kaka yake James, aliyekuwa karibu kipofu, ndiye aliyengojewa kushika Hatfield. Robert alitafutiwa kiti cha ubunge cha Stamford mwaka 1853, akapita bila kupingwa, maana mji ule ulikuwa mikononi mwa jamaa zao. Ubunge enzi hizo haukuwa na mshahara.

Mwaka 1857 akamwoa Georgina Alderson, binti wa jaji. Baba alikataa katakata: msichana hana mali wala hatoki ukoo wa kikabaila. Robert akaoa hivyohivyo. Hapa ndipo ninapompenda. Kwa miaka kadhaa alilisha nyumba yake kwa kalamu, akiandika magazetini makala kwa mamia, nyingi bila jina lake, na zenye maneno makali. Kisha kaka akafariki mwaka 1865, baba akafuata mwaka 1868, na yule mwandishi wa kulipwa kwa makala akawa bwana wa Hatfield.

Maisha ya humo ndani yalikuwa na uhuru usiotarajiwa. Alijijengea maabara ya kemia. Akaleta umeme wakati nyumba nyingi za wakubwa bado zinawasha mishumaa, akitumia nguvu ya maji ya mto Lea. Waya zilikuwa wazi, zikishika moto darini mara kwa mara. Familia ilirusha mito ya viti mpaka moto ukazimika, kisha mazungumzo yakaendelea. Hatari hiyo haikuwa ya wenye nyumba peke yao: mwaka 1881 kibarua mmoja wa bustani aligusa waya, akafa. Mezani watoto waliruhusiwa kumbishia baba yao katika siasa na dini. Kati yao mmoja akawa askofu, na mwingine, Robert, akapata Nobeli ya Amani mwaka 1937 kwa kazi yake ya kulitetea Shirikisho la Mataifa (League of Nations), lililotangulia Umoja wa Mataifa wa leo. Binti yake Gwendolen ndiye aliyeandika maisha ya baba.

Serikali nayo aliiendesha kama ukoo. Kufikia mwaka 1900, mpwa wake Arthur Balfour aliongoza Bunge, mdogo wake Balfour alikuwa waziri wa biashara, mkwewe Selborne alishika wizara ya jeshi la majini, na mwanawe mkubwa alikuwa naibu katika Mambo ya Nje. Watu walilalamika waziwazi. Yeye hakutikisika, na mwaka 1902 alipong'atuka, kiti kikaenda kwa huyohuyo mpwa.

Sasa turudi mwaka 1890. Uingereza iliwapa Wajerumani Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofika hata kilomita mbili za mraba, chenye watu kama 2,000. Wajerumani nao wakakubali himaya ya Waingereza juu ya Unguja na Pemba, wakaachia na Witu, jirani ya Lamu. Malkia Victoria hakupendezwa. Aliuliza: je, watu wa Heligoland wameulizwa? Kwa kisiwa kile, muswada ulipelekwa bungeni ukajadiliwa. Kwa Unguja na Pemba ilitosha ridhaa ya Sultan Ali bin Said, aliyetawazwa miezi michache tu nyuma. Wakulima wa karafuu, wavuvi, na watumwa waliokuwa bado mashambani hakuna aliyewaendea.

Sioni kuwa Salisbury aliwasahau. Alikulia mahali ambapo mashamba, mji wenye mbunge, hata uwaziri, vilikwenda kwa makubaliano ya wenye milki, na mpangaji akaarifiwa baadaye. Zanzibar kwake ilikuwa na mwenyewe, naye ni Sultani. Alishughulika na mwenyewe.

Karibuni maswali.