Posho na Madai ya Gharama ya Wajumbe wa Baraza: Mhadhara Uliotolewa Ujiji, Kigoma

Mheshimiwa Mwenyekiti, Waheshimiwa Madiwani, watendaji wa kata, wazee wetu wa Ujiji na ndugu wananchi mliokuja kusikiliza, nawasalimu nyote.

Naomba nianze na neno lenyewe. Hapa Ujiji, ambako misafara ya kutoka pwani ilifika baada ya kupita Tabora, posho ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi, au kitambaa na shanga alizopewa ili akanunue chakula hicho njiani. Ujira wake ulihesabiwa mbali. Posho haikuwa mshahara wala zawadi. Ilikuwa kiasi cha kumfikisha mpagazi kambi inayofuata, na naamini maana hiyo ingali ndiyo inayotufaa tunapozungumzia fedha anazolipwa mjumbe wa mamlaka ya umma.

Diwani hana mshahara. Ana posho ya mwezi, ana posho ya kikao, na anaposafiri kwa kazi za halmashauri ana nauli na posho ya kujikimu. Kwa miaka mingi posho ya mwezi ilitegemea mapato ya ndani, ikacheleweshwa pale ushuru ulipopungua, mpaka bajeti ya mwaka 2021/22 ilipoamua kwamba Serikali Kuu iilipe yenyewe, moja kwa moja kwenye akaunti za madiwani, katika halmashauri nyingi zenye mapato madogo. Uamuzi huo ulikuwa mzuri, kwa sababu mjumbe anayekaa miezi bila posho yake halali hushawishika kuifidia kwenye fomu za safari.

Posho ya kikao imejadiliwa sana, na mkoa huu una sehemu yake katika mjadala huo: mwaka 2011 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, alitangaza hadharani kwamba haipokei. Mimi sitakaa hapo. Posho ya kikao inaonekana, kiwango chake kinajulikana, na karatasi ya mahudhurio ipo. Nataka tukae kwenye madai ya gharama, kwa sababu huko ndiko nilikofanya kazi ya ukaguzi wa ndani kwa muda mrefu, na huko ndiko nilikokosea.

Katika halmashauri moja niliyoitumikia, diwani wa kata ya mwambao alileta dai la nauli ya boti, bodaboda na malazi ya siku mbili. Risiti zake tatu zilikuwa na mwandiko mmoja na namba zinazofuatana, ingawa zilidaiwa kutoka kwa watu watatu tofauti. Niliandika hoja kwamba nyaraka si halali, na dai likakataliwa lote. Baadaye nilimuuliza kwa utulivu, naye akanieleza bila kuficha kwamba dai lake la kwanza, alilolileta bila risiti, lilirudishwa na masjala, ndipo akanunua kitabu cha risiti dukani akajaza mwenyewe. Safari ilikuwa ya kweli. Nauli aliyoandika ndiyo nauli iliyotozwa na kila boti katika mwambao ule. Nilikuwa nimeukagua mwandiko, safari yenyewe sikuikagua, na mjumbe yule hakuonekana kwenye kikao kilichofuata kwa sababu hakuwa na nauli ya kuja.

Simtetei kwa kughushi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaliona kuwa kosa kutumia nyaraka yenye maelezo ya uongo ili kumpotosha yule unayemtumikia, na ni haki iwe hivyo. Lakini utaratibu unaodai risiti ya mashine kutoka kwa nahodha wa boti ya mbao, katika wilaya kama Uvinza ambako kata za upande wa Buhingu na Kalya ziko mbali sana na makao makuu ya halmashauri, unamfundisha mtu mwaminifu kusema uongo kwa maandishi, na akishajifunza kwa nauli ya kweli, hatushangai akiendelea kwa nauli isiyo ya kweli.

Madai mabaya hasa yana sura nyingine, na mara nyingi risiti zake ni safi kabisa. Mjumbe amepanda gari la halmashauri, kisha anadai nauli. Amehudhuria vikao viwili siku moja, na kila kimoja kimemhesabia siku nzima. Au mafunzo yamefadhiliwa na shirika, jambo la kawaida katika wilaya zetu zinazopokea wakimbizi, na mfadhili amelipa chumba na chakula, huku halmashauri nayo ikitoa posho ya kujikimu kwa usiku uleule. Udanganyifu huo hauonekani kwa kutazama risiti moja. Unaonekana pale daftari la safari za magari, karatasi za mahudhurio na barua za mialiko zinapowekwa meza moja. Na masurufu, yaani fedha anazotangulizwa mjumbe kwa ajili ya safari, yasiyorejeshwa kwa wakati huongeza giza, kwa kuwa mtu anayetakiwa kukumbuka safari ya miezi sita iliyopita huandika anachodhani.

Wenzetu wa Uingereza walijifunza kwa aibu. Mwaka 2009 gazeti la Daily Telegraph lilipochapisha madai ya wabunge, wananchi walisoma kuhusu dai la kibanda cha bata cha zaidi ya pauni 1,600, ingawa hilo lilikataliwa. Spika Michael Martin akajiuzulu, baadhi ya wabunge wakafungwa, na chombo huru cha kusimamia malipo hayo kikaundwa. Lakini kinachonivutia zaidi ni kanuni za England za mwaka 2003 zinazohusu wajumbe wa mamlaka za mitaa, ambazo zilikwishakuwepo kabla ya kashfa hiyo. Kila mamlaka huandika mpango wake wa posho, hupokea kwanza mapendekezo ya jopo huru lisilo na wajumbe wake, na kila mwaka hutangaza kiasi alicholipwa kila mjumbe, kwa jina lake.

Kwetu Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hukagua, na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huhoji, lakini taarifa hizo hufika mwaka umekwisha, na mara chache humfikia mvuvi wa Kalya aliyelipa ushuru wa dagaa.

Kwa hiyo naliomba Baraza lifanye mambo mawili. Lipange kila mwaka nauli ya kwenda na kurudi kwa kila kata, baada ya kuwauliza wenye boti na mabasi, ili mjumbe wa mwambao ajaze tamko lililosainiwa naye na mtendaji wa kata badala ya kutafuta risiti isiyokuwepo. Na kila robo mwaka libandike kwenye ofisi ya kila kata kiasi alicholipwa diwani wa kata hiyo, tarehe za safari zake na sababu zake. Nimeandaa jedwali la mfano lenye safu za kata, chombo cha usafiri, nauli na idadi ya siku. Safu ya nauli nimeiacha wazi. Namkabidhi Katibu, na wajumbe wa mwambao ndio waanze kuijaza.