Ungekuwa na Dini Ningekuja Kwako

Mwangaluka! … Naam. Bwana Yesu asifiwe! … Mmejisikia wenyewe. Salamu ya Kisukuma mmeiitikia mpaka madirisha yametikisika, hata Wahaya na Wajita mlioko humu. Ya pili mmeiitikia huku mnachungulia mlango, kwa sababu uko wazi na vijana wa bodaboda wamepaki hapo nje. Basi nimeshapata pa kuanzia.

Ratiba inasema nina hoja tano kuhusu uinjilisti. Katibu ameziandika kwa mwandiko mzuri. Walionisikia Sengerema na Magu wanajua kwamba ya tatu huwa siifikii.

Mimi ni fundi wa mashine za mitumbwi, pale mwaloni Kirumba, Mwanza. Kwa miaka 11 nilifanya kazi na mwenzangu mmoja, mtu wa Ukerewe, asiye na kanisa wala msikiti. Kibanda kimoja, benchi moja, boksi moja la spana. Wanaojua kazi ile wanajua mnavyokaa. Wavuvi wa dagaa wanarudi alfajiri, mashine imegoma usiku, wamevutwa na wenzao. Tajiri anapiga simu, anataka mtumbwi urudi ziwani jioni hiyo hiyo. Mnafungua kabureta mmekaa goti kwa goti. Kuna jeti mle ndani, kitu kidogo kama punje ya mchele, tundu lake ni la sindano. Mwenzangu alikuwa anaizibua kwa kuipuliza na mdomo. Petroli inamchoma midomo, anatema, anacheka, anapuliza tena. Kwa miaka 11 mimi ndiye niliyekuwa namshikia tochi. Nilijua anadaiwa na muuza nyavu. Nilijua ugomvi wake na shemeji yake ulianzia wapi. Mtu akikaa hivyo na mwenzake, mnadhani kuna kitu kinafichika?

Basi mwanawe akaugua. Siku tatu hakuonekana. Ya nne akaja mapema, akakaa, hakushika spana. Akaniambia mtoto ameanza kupata nafuu. Nikafungua mdomo niseme "Tumshukuru Mungu", nikaona wateja wawili wamesimama mlangoni. Nikasema, "Afadhali."

Afadhali! Ulimi ulishaondoka kwenda kwa Mungu, nikaurudisha nusu ya njia kama mtoto aliyesahau viatu.

Yeye akaendelea. Akasema, "Usiku ule hali ilipokuwa mbaya nilitafuta mtu wa kuniombea. Nikaenda kumgongea yule mama wa uji, kule juu mlimani. Ungekuwa na dini, fundi, ningekuja kwako. Kwako ni karibu."

Wakati huo nilikuwa mzee wa kanisa mwaka wa saba. Jumapili iliyotangulia nilisimama mbele nikasoma matangazo, nikahesabu sadaka, nikamkemea kijana aliyeingia amechelewa. Nikamwambia, "Mimi ni mzee wa kanisa." Akacheka. Akaniangalia, akaona sicheki. Akauliza, "Tangu lini?"

Hapo watu huniambia, "Mzee, unajitesa bure. Maisha ya mtu ndiyo mahubiri. Nuru yenu na iangaze." Nashukuru mmeleta andiko hilo, sasa limalizieni. Mathayo 5:16: "wapate kuyaona matendo yenu mema, wamtukuze Baba yenu aliye mbinguni." Watamtukuzaje Baba ambaye hawajui kama ni wako? Miaka yote ile sikuiba hata plagi moja. Mteja akizidisha hela namrudishia. Mwenzangu aliyaona yote hayo. Alidhani nimelelewa vizuri. Sifa zote akampa marehemu mama yangu.

Na yule mama wa uji ana nini? Hajawahi kupewa kipaza sauti na mtu. Anakumiminia kikombe, anakwambia, "Niliomba Mungu anipatie ada ya mtoto, bado, leo naomba tena." Halafu anakudai hela yake. Anasema hata lile ambalo hajajibiwa! Sisi tunangoja ushuhuda uive, uwe na mwisho mtamu, ndipo tuupeleke mbele ya madhabahu. Yeye anaugawa mbichi. Ndiyo maana mtu mwenye shida saa nane za usiku alijua mlango wa kugonga.

Naona wenye spika mnapiga makofi. Msipige, nakuja kwenu.

Kuna mtaa huku kwetu spika imefungwa juu ya mti, imeelekezwa kwenye nyumba za watu, inahubiri mpaka usiku wa manane. Mwenye spika nilimuuliza jirani yake wa pili anaitwa nani. Akaniuliza, "Yupi, huyu wa geti la bluu?" Mwaka wa tatu unakwisha wanatenganishwa na ukuta mmoja! Mimi nilijificha kwenye ukimya, yeye amejificha kwenye kelele. Sote wawili, jirani hajui sisi ni nani.

Mtasema Yohana Mbatizaji alipaza sauti. Alipaza nyikani, ambako hapakuwa na mtoto anayejiandaa na mtihani. Tena someni Luka 3. Watu walipomwendea wakauliza, "Tufanye nini basi?", aliwajibu kundi kwa kundi: watoza ushuru wasitoze kupita walichoamriwa, askari watosheke na mishahara yao. Alijua huyu anafanya kazi gani na yule anaibia wapi. Spika yako inajua nini kuhusu muuza sangara?

Na msiniambie uinjilisti ni kazi ya waliosomea. Ziwa hili hili lina historia. Desemba 1877 wamisionari wawili wa Kanisa la Uingereza, Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe, kwenye ugomvi wa mtemi Lukonge na mfanyabiashara mmoja Mwarabu. Aliyefuata njia yao ni Alexander Mackay, Mskoti. Yule hakuwa padri. Alikuwa mhandisi! Fundi, kama mimi, ila yeye alisoma. Buganda alifua chuma, akapasua mbao, akachapa Maandiko kwa Kiganda kwa mashine yake ya mkono. Alipofukuzwa kule mwaka 1887 akaja Usambiro, huku kwetu kusini mwa ziwa, akaendelea na karakana yake mpaka malaria ilipomuua Februari 1890. Watu walimfuata kwa sababu ya misumari na gurudumu, na walipofika walijua tangu siku ya kwanza anamwamini nani. Hilo ndilo mimi lilinishinda kwa miaka 11, na spana zangu zilikuwa bora kuliko zake.

Katibu ananionyesha saa. Naona, kaka, naona.

La tatu, haraka. "Tutagombana na Waislamu." Nimeishi nao maisha yangu yote, na hakuna hata mmoja aliyenificha kwamba ni Mwislamu. Anaacha spana anakwenda kuswali, anarudi, tunaendelea. Wewe ndiye unayejificha halafu unamsingizia yeye. Katiba yetu, ibara ya 19, imeacha huru kazi ya kutangaza na kueneza dini. Kutukana dini ya mwenzako ni habari nyingine, na Petro alishalifunga jambo hilo. Kila mtu anaikariri 1 Petro 3:15, "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu," halafu anaondoka kabla Petro hajamaliza: "lakini kwa upole na kwa hofu." Na oneni neno lenyewe ni kujibu. Ili ujibu lazima uulizwe. Ili uulizwe lazima mtu ajue kwamba unacho.

La nne lilikuwa la makundi ya WhatsApp. Mistari 40 kila asubuhi, picha za maua, na hakuna anayemuuliza mwenzake jana amelalaje. Mnanielewa, tupite. La tano lilihusu fedha za injili, mtamuuliza mweka hazina.

Najua swali litakalokuja baada ya chai, kwa hiyo nalijibu kabisa. Mnataka kujua kama mwenzangu aliokoka. Hajabatizwa mpaka leo. Tulikaa siku ile nikamweleza yote, vibaya, narukaruka, kitu cha miaka 11 nakitoa kwa asubuhi moja huku mashine ya mtu imelala wazi mezani. Alisikiliza. Akasema sawa, akachukua jeti akaanza kupuliza.

Lakini siku hizi mashine ikimshinda, wateja wamejaa mlangoni, anainuka, anageukia mwaloni na kuita kwa sauti mpaka wauza dagaa wa upande wa pili wanasikia: "Mzee wa kanisa! Njoo uiombee hii kabureta!"

Na mimi naenda.