Dansi Wakati wa Foleni: Dar es Salaam Mwanzoni mwa Miaka ya Themanini

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, nanyi hamjambo. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini, kwa hiyo leo sianzi na Azimio la Arusha. Naanza dukani.

Aliyeishi Dar es Salaam kati ya 1980 na 1984 hana haja ya kuelezwa duka la kaya. Kwa nyinyi mliokaa nyuma: kaya zote ziliandikishwa, balozi wa nyumba kumi alijua kwenu mko wangapi, na unga, sukari, sabuni na mafuta ya kula mligawiwa kwa hesabu hiyo, siku vikiwapo. Lini vitakuwapo, hakuna aliyejua. Ikitoka fununu kwamba lori la RTC, kampuni ya umma ya biashara ya mkoa, limeonekana, alfajiri mlango umeshazingirwa. Asiyeweza kusimama aliacha jiwe, au kikapu kilichotoboka, au kopo tupu. Na jiwe lile lilikuwa na haki zake! Lilijulikana ni la mama fulani wa nyumba ya tatu, na ukithubutu kulisogeza utatukanwa na foleni nzima. Mimi nilitumwa mara nyingi kulinda jiwe la shangazi. Foleni hazikuwa na ukimya mnaouona kwenye picha za zamani. Pale ndipo tuliposikia nani kaposwa, nani kakamatwa na magendo, na Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park, watapiga ukumbi gani Jumamosi.

Sababu za uhaba nazipita haraka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mwaka huo mpaka 1983. Kahawa ikashuka bei. Oktoba 1978 Idi Amin akavamia Kagera. Tukampiga, lakini vita vilikula hazina, na mwaka 1979 mafuta nayo yakapanda. Rais wetu, Mwalimu Nyerere, akatuomba tufunge mikanda miezi 18. Miezi 18 ikaisha, tukatoboa matundu mapya. Viwanda tulikuwa navyo, tena vingi, ila fedha za kigeni za kununulia vipuri na malighafi hazikuwapo, na hapo wakubwa wakaanza mabishano na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, yaliyoendelea mpaka 1986.

Huku chini watu walikuwa wanajitengenezea maisha. Majani ya mpapai yalifua nguo. Chai ilinywewa kwa sukari guru. Unga wa mahindi ya njano, wa msaada, uliitwa Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi, na watu wa Simba waliula hivyohivyo wakinung'unika. Miguuni katambuga za matairi. Watumishi wa serikali, ambao miiko ya uongozi iliwakataza kuwa na kipato cha pili, walifuga kuku uani na wake zao walikaanga vitumbua. Kila mtu akawa na "mradi". Ukweli ni kwamba mara nyingi kitumbua ndicho kilichomlisha mwenye mshahara.

Halafu betri. Betri za redio zilikuwa adimu kama sabuni, kwa hiyo zikichoka zilianikwa juani, zimepangwa juu ya bati au ukutani. Jioni unazirudisha, redio inakohoa, inapata sauti ya kutosha mchezo wa kuchekesha wa Pwagu na Pwaguzi, halafu inazimika. Nyumba moja ikiwa na betri nzima, majirani mko kwao.

Sasa nifike kwenye mada. Tumezoea kusema kwamba watu wa wakati ule walicheza dansi ili wasahau shida. Mimi sikubaliani. Nasema dansi lile, hizi mnazoziita zilipendwa na kuzipiga kwenye kila harusi, lilitengenezwa na shida zenyewe.

Angalieni bendi zilikuwa za nani. JUWATA Jazz ya jumuiya ya wafanyakazi. Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana. Bima Lee ya Shirika la Bima. Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo. Mlimani Park, iliyoanza 1978, mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Polisi walikuwa na yao, jeshi nalo. Gitaa, vipaza sauti, hata nyuzi, vyote vilitaka fedha za kigeni, na mwanamuziki wa Magomeni angezipata wapi? Mwenye vyombo alikuwa shirika. Mwanamuziki aliajiriwa, akalipwa mshahara kama karani.

Na santuri? Kiwanda cha kuzitengeneza hatukuwa nacho; zilitengenezwa Nairobi, na mpaka ndio huo umefungwa. Ikabaki studio ya Radio Tanzania. Bendi inakwenda, inarekodi, kanda inabaki maktaba, wimbo unachezwa hewani ratiba ikiruhusu. Huwezi kuununua. Televisheni Bara haikuwapo mpaka 1994. Ukiupenda wimbo, njia ni moja: uwafuate wenyewe ukumbini. Ndiyo maana kumbi zilijaa, na bendi zikashindana kwa mitindo, Sikinde ya Mlimani huku, Msondo ya JUWATA kule, Kamanyola ya Maquis, Pambamoto ya Vijana, maana riziki yote ilikuwa pale kwenye sakafu. Wimbo ulikuwa mrefu, una sehemu ya kusikiliza na sehemu ya kuchezea, kwa sababu uliundwa mbele ya wachezaji.

Hata usafiri uliingia kwenye muziki. Jumapili kuanzia saa nane mchana magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea, kuokoa mafuta. Barabara zikawa zetu, sisi vijana wa bugi, dansi la mchana, tunakwenda kwa miguu na suruali za kuazimana. Usiku mabasi ya UDA hayakuwa ya kutegemewa, kwa hiyo dansi likikesha, nawe unakesha nalo.

Mtauliza: nyimbo hizo mbona hazisemi sukari imekwenda wapi? Zisingeweza. Mwenye bendi ni shirika la umma, na mashairi yalipitiwa redioni kabla ya kurekodiwa. Lakini sikilizeni tena nyimbo za "mapenzi". Mume hatoki kazini akarudi nyumbani. Ndugu wanamiminika kutoka kijijini. Mke analalamikia matumizi, rafiki kakopa kajificha. Hayo ndiyo yaliyokuwa yanazungumzwa kwenye foleni. Aliyeimba unyonge waziwazi ni Remmy Ongala, na Super Matimila yake haikuwa bendi ya shirika la umma. Sidhani hilo ni bahati tu.

Mwaka 1983 ikaja vita ya Waziri Mkuu Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi. Watu wengi tulimshangilia, na bado namheshimu. Ila niseme nilichokiona mtaani kwetu: hofu haikuwachagua walanguzi wakubwa peke yao. Mama mwenye sabuni chache chini ya kitanda naye alitetemeka. Vitu vilitupwa usiku, vitambaa vikaokotwa vichakani. Alipofariki kwa ajali Dakawa, Aprili 12, 1984, mji ulilia kweli.

Wakati huohuo mlango ulishaanza kufunguka. Mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa 1983, nauli shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala. Bajeti ya 1984 ikaruhusu mwenye fedha zake nje aingize bidhaa. Sabuni zikarudi madukani, kwa bei ambayo mshahara haukuifikia. Kafa Ulaya, yaani mitumba, ikatuvalisha upya. Mzee Mwinyi alipoingia urais Novemba 1985, tukamwita Mzee Ruksa.

Bendi hazikufaidika sana na ruksa hiyo. Kaseti za kunakili zilienea, zinauzwa Kariakoo bila mtunzi kupata senti. Mashirika yalipoanza kubana matumizi, bendi zilikuwa za kwanza kukatwa. Nyimbo zilizorekodiwa wakati wa njaa ziko maktaba ya redio, leo TBC, Barabara ya Nyerere, na tunazicheza kwa simu zetu bure. Waliozitunga walipata mshahara wa mwezi ule, wakaula, ukaisha.

Naona safu ya mbele wamo wazee waliopiga kwenye kumbi hizo. Mwenyekiti, naomba kipaza sauti kianze kwao, watueleze walilipwa kiasi gani.