Kipupwe kinaisha, andaa bustani kabla vuli haijakukuta

Habari zenu wapendwa, karibuni tena bustanini, leo tupo hapa nyuma ya nyumba Kigamboni na nataka tuandae bustani pamoja kipindi hiki cha Agosti mwishoni kuingia Septemba, maana wengi hapa Dar wanasubiri tone la kwanza la vuli ndo waanze kutafuta jembe, na hapo mjue mshachelewa.

Kabla hujashika chochote angalia juu kwanza. Ngoja nigeuze simu... mnauona huu mwembe? Maua yameshaanza kupukutika na vimaembe vimetokea, vidogo kama punje ya kunde. Upepo wa kusi nao hauna tena ile nguvu ya Julai, na kile kibaridi cha alfajiri cha kujifunika khanga ndo kinaondoka. Mi nikiona hayo matatu naanza kazi. Na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ukitoka usikilizeni jamani, vuli yetu ni Oktoba mpaka Disemba lakini kuna mwaka inachelewa na kuna mwaka inakuja na mafuriko.

Haya, udongo. Chota kiganja kimoja, lowesha kidogo, finya hivi, fungua mkono. Umeona ulivyosambaratika? Hicho ni kichanga, huku karibu na bahari ndo tulichonacho, maji hayakai na mbolea inazama nayo. Dawa yake ni samadi, na usiiwekee ubahili, kila mita moja ya tuta mwaga kama nusu debe uchanganye vizuri.

Ila samadi ya kuku, hapa nisikilizeni vizuri kabisa, usiitoe bandani ukaipeleka moja kwa moja kwenye mimea, itaunguza miche yote. Ilundike kivulini, lowesha, funika na turubai, kila wiki igeuze. Kujua kama imeiva ingiza mkono katikati ya rundo hivi... hii bado ina joto, mnaona hata mvuke unatoka, kwa hiyo haijawa tayari. Ile ya pale pembeni imepoa, nyeusi, inamong'onyoka, na ule ukali wa kuchoma pua umekwisha, hiyo ndo ya kutumia.

Tuta kwa sasa lichimbe lizame kidogo ili ukimwagilia maji yabaki ndani, mvua zikishika ndo utaliinua na kuchimba mfereji pembeni.

Nyanya tunaanza na kitalu leo leo, maana miche inahitaji kama wiki nne, ukipanda sasa unahamisha mvua zikikaribia. Mistari isibanane, mbegu usizifukie sana, funika na nyasi kavu na zikiota tu toa nyasi. Halafu kila asubuhi pindua majani uangalie, ukiona michirizi myeupe kama jani limeliwa kwa ndani basi huyo ni kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, yupo nchini tangu 2014 na hana huruma, ng'oa jani hilo ulifukie mbali au ulichome. Mi pia napulizia mwarobaini, twanga majani, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo ya maji, pulizia jioni kwa sababu jua linaua nguvu yake.

Mchicha hauna shida, mbegu zake ndogo sana kwa hiyo changanya na mchanga mkavu ndo unyunyize, ndani ya wiki tatu nne unachuma. Bamia loweka usiku mmoja, weka mbili mbili kila shimo, zikiota acha mche wenye nguvu.

Maji ni asubuhi mapema, na kama huna keni toboa kifuniko cha chupa ya maji kwa msumari wa moto, mwagia chini kwenye shina na si juu ya majani, nyanya hasa, majani yakilala na maji usiku ukungu unaingia.