Lori, tela na kozi moja iliyokosekana

ZUHURA: Haya jamani tumerudi. Leo sina salamu ndefu, wiki hii imenichosha kweli, Baraka anajua manake nilimlilia kwenye simu Jumanne.

BARAKA: Dakika arobaini dada, hata uso sijanawa. Waambie basi.

ZUHURA: Nimebakiza muhula huu tu nimalize digrii ya takwimu, si ndo nikafungua ile ripoti inayoonyesha umetimiza nini na bado nini, nateremka taratibu, takwimu yote kijani, nafika kwenye maina yangu, ile fani ndogo ya pembeni, ya afya ya jamii, nyekundu. Krediti, yaani alama za uzito wa kozi, 15 kati ya 18, pungufu ya kozi moja. Moyo pa! Kumbe kozi 3 nilizihesabia na kwenye takwimu pia, na sheria ya chuo inaruhusu 2 tu zihesabiwe pande zote.

BARAKA: Narudia nilichosema Jumanne. Digrii ni lori, maina ni tela. Tela halina injini, bila lori haliendi popote, na kwa kawaida halina hata cheti chake, linaandikwa kwenye transkripti, ile karatasi ya matokeo yako, basi. Sasa wewe mzigo mmoja umeuandika kwenye lori na kwenye tela.

ZUHURA: Si kwa sababu ni mzigo ule ule! Biostatistiki ni ya takwimu na ni ya afya, nani ataikata katikati?

BARAKA: Mwenye mizani.

ZUHURA: Mizani yake inapima vibaya. Haya, na ubobezi je, nao ni tela?

BARAKA: Hapana, ubobezi ni jinsi ulivyopanga mzigo ndani ya lori lenyewe. Ndo maana mara nyingi hauongezi krediti, unachukua zile kozi za hiari unazielekeza zote upande mmoja.

ZUHURA: Alafu diploma ni lori la pili! Kama Australia, kuna vyuo unasoma diploma ya lugha sambamba na digrii yako, unatoka na vyeti viwili.

BARAKA: Malori mawili dereva mmoja, na usingizi atalala saa ngapi?

ZUHURA: Ndo swali lenyewe, watu wanaangalia vyeti hawaangalii ratiba.

BARAKA: Uholanzi sasa, maina mara nyingi ni krediti 30 wakati digrii ya miaka mitatu ni 180. Krediti moja ya Ulaya ni saa 25 hadi 30 za kazi, piga hesabu.

ZUHURA: Saa 750 mpaka 900. Baraka hilo sio tela, hilo ni behewa.

BARAKA: Behewa linavutwa na treni, usiniharibie lori langu. Sasa turudi kwako. Mi nasema maliza digrii, maina iache, ondoka. Kozi tano zimehesabiwa, zote zinaonekana kwenye transkripti, ulichojua hakuna atakayekunyang'anya.

ZUHURA: Hapo ndo sikubaliani. Sikiliza, kwenye epidemiolojia, somo la jinsi magonjwa yanavyoenea kwa watu, tulipewa jedwali la wagonjwa wa hospitali, mi mtu wa takwimu nikakimbilia wastani, siku za kulazwa, waliopona, nimemaliza mapema nimejikunjia mikono. Mwenzangu muuguzi akaniuliza, waliofia nyumbani wako mstari gani? Nikaangalia jedwali lote. Hawapo. Miaka mitatu ya takwimu na sikuwahi kuuliza hilo swali mwenyewe. Sasa kozi ya sita ndo mradi, wa takwimu na wa afya mezani pamoja muhula mzima, unaniambia niiache?

BARAKA: Inafundishwa muhula ujao tu, na utalipa ada ya muhula mzima kwa kozi moja. Mi nilibaki hivyo hivyo kwa ajili ya kozi moja dada, wenzangu wote wameshaondoka, bwaloni nakula peke yangu, na kila aliyenipigia simu anauliza umemaliza? Sikutakii hiyo.

ZUHURA: Naelewa, lakini wewe ulibaki kwa kozi uliyofeli, mi nabaki kwa kozi ninayoitaka.

BARAKA: Upweke haujui tofauti.

ZUHURA: Nami nitaijua. Sikubali.

BARAKA: Nami sikubali, tela bovu unalifungua unaliacha pembeni, lori linafika.

ZUHURA: Linafika na mzigo pungufu!

BARAKA: ...Saa inasemaje?

ZUHURA: Dakika mbili. Na tuliandika mambo matano ya kuwaambia wa mwaka wa kwanza.

BARAKA: Hata la kwanza hatujaligusa.

ZUHURA: Basi tena. Ijumaa naenda kwa mshauri wa masomo, naomba kozi nyingine niliyoisoma mwaka wa pili ihamishiwe upande wa takwimu, ili ile kozi ya tatu niliyoihesabia pande zote ibaki kwenye afya tu. Wakikataa nabaki.

BARAKA: Nikusindikize?

ZUHURA: Njoo, lakini mle ndani usitaje lori.

BARAKA: Sitaji.

ZUHURA: Wala tela.